Maoni Kuhusu Msichana wa Kwenye Boti

Kitinda alipoingia na begi lake la michoro, Fundi alikuwa amepiga magoti chini, pini nne mdomoni, akirekebisha pindo la gauni la mteja. Hakuweza kusema kitu. Alimwonyesha mdogo wake kiti kwa kidole, kile kizima, akaendelea na kazi mpaka mteja alipoondoka.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, chumba cha mbele chenye cherehani mbili na meza ya kukatia, na chumba cha nyuma alichoishi peke yake tangu alipofiwa na mumewe. Mdogo wake, aliyepishana naye kwa miaka kumi kamili, alikuwa mpiga picha za video wa harusi. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na jina likamganda hata alipoota mvi kidevuni. Harusi zilimlisha, lakini moyo wake haukuwa huko. Kwa miaka minane alikuwa akiandika filamu yake mwenyewe, isiyo ya kampuni wala ya mfadhili.

"Nataka unishonee nguo kumi na moja," alisema. "Filamu inaanza kupigwa mwezi ujao. Ni habari za kisiwa. Mvua, upepo, watu wachache wanaosubiri boti. Na yote itakuwa nyeusi na nyeupe."

"Rangi zimekukosea nini?"

"Rangi inadanganya, Dada."

"Basi mimi nimeshadanganya watu wengi sana," alisema Fundi, "maana kazi yangu ni kuwachagulia rangi."

Walicheka. Akapokea michoro, akaipitia mmoja mmoja. Kulikuwa na koti la mvua la mzee, nguo ya kulalia ya mama mgonjwa, kaptula ya mtoto. Mchoro wa tisa ulimshika mkono. Lilikuwa gauni la msichana, kola pana, vifungo sita mbele, mfuko mmoja tu upande wa kulia.

"Niliwahi kuwa na gauni kama hili," alisema.

"Ah, ndio mtindo wa miaka ile. Kila msichana alikuwa nalo."

Si kweli. Fundi alilishona mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, na mfuko ulikuwa mmoja kwa sababu kitambaa kiliisha. Hata hivyo hakubisha. Alifikiri mtoto mdogo hukumbuka nguo za dada yake bila kujua kwamba anakumbuka, akalichukulia kama heshima. Alilishona kwa kitambaa cha kijani. Kitinda alipomwambia hiyo kijani haitaonekana, alijibu kwamba atakayelivaa ataiona.

Kisiwa hicho wote wawili walikijua. Baba yao alikuwa mpimaji wa hali ya hewa, na kwa miaka kumi na minne walikaa kwenye kituo chenye nyumba tatu, nguzo ya kupimia upepo, na chombo cha kupimia mvua kilichozungushiwa uzio ili mbuzi wasikifikie. Mara tatu kwa siku Baba alisoma vipimo na kuvituma kwa redio. Boti ya vifaa ilikuja kila baada ya wiki mbili, bahari ikikubali.

Mwaka ule wa lile gauni Mama aliugua figo. Daktari aliyeongea nao kwa redio alisema asisafirishwe kwa mawimbi yale, dawa zitakuja na boti. Wiki hiyohiyo Fundi, ambaye wakati huo hakuwa fundi wa mtu, alikuwa na barua ya chuo cha ushonaji iliyosema afike Jumatatu au nafasi apewe mwingine. Baba alimwomba abaki. Boti ilipofika, Fundi aliingia chumbani kwa Mama akiwa amevaa gauni lake jipya, akamwambia, "Naenda kukuchukulia dawa. Narudi na boti ijayo." Kisha akaondoka. Siku tano baadaye Mama alifariki, na alikuwa ameshazikwa habari zilipomfikia binti chuoni.

Ukoo mzima ulijua hivyo: binti alivuka bahari kumtafutia mama yake dawa, dawa ikachelewa. Baba ndiye aliyesema hivyo kwanza, na hakuna aliyemwuliza zaidi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Fundi aliliweka moyoni kwa miaka ishirini na minane. Wiki waliyomzika Baba, akiwa jikoni anaosha vyombo na Kitinda anafuta, lilimtoka lenyewe. Alimwambia dawa zilikuwa zimeshafika. Zilikuja na boti ileile. Sanduku la bati lenye alama nyekundu alilipokea yeye kwa mikono yake gatini, akampa Baba, ndipo akapanda. Alimwambia Mama uongo kwa sababu alijua Mama anakufa, na aliogopa kwamba akibaki mpaka mwisho hataondoka tena maisha yake yote.

Kitinda hakusema neno. Alifuta sahani, akaiweka juu ya nyingine, akachukua inayofuata. Fundi alichukulia ukimya ule kuwa msamaha. Usiku ule alilala vizuri kuliko miaka mingi.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa maktaba. Viti vya plastiki mia mbili vilijaa. Fundi alikwenda na Mama Mkubwa, dada mkubwa wa marehemu mama yao, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la tatu mpaka akafundisha wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza. Walikaa safu ya nne. Mama Mkubwa alifuta miwani, akaweka mkoba mapajani, akasema kwa sauti ya kusikika safu nzima, "Haya, tumwone huyu bwana anachofanya badala ya kuoa."

Taa zilizimwa. Bahari ikatokea, ya kijivu, kubwa, bila muziki. Mzee mwenye koti la mvua akainama juu ya chombo cha kupimia mvua akakisoma, taratibu kama alivyokuwa akikisoma Baba, mpaka Fundi akatabasamu gizani. Aliona kushona kwake kunavyokaa mabegani mwa watu. Alimnong'oneza Mama Mkubwa, "Lile koti nililirudia mara tatu," na Mama Mkubwa akampigapiga goti.

Kisha msichana alitokea na lile gauni. Alisimama kando ya kitanda cha mama mgonjwa, akasema, "Naenda kukuchukulia dawa. Narudi na boti ijayo."

Kwenye kitambaa cheupe cha ukumbi, msichana alishuka gatini. Mabaharia walikuwa wakishusha mizigo. Mmoja akamkabidhi sanduku la bati. Kamera ilikaa juu ya sanduku lile muda mrefu, alama yake ikaonekana nyeusi, kisha ikapanda usoni mwa msichana akisoma kilichoandikwa. Msichana alilikabidhi kwa mzee, akapanda boti.

Laiti ingeishia hapo. Lakini mlango wa nyumba ulifunguka, mama mgonjwa akatoka na nguo ya kulalia ambayo Fundi aliitia lesi kwa mkono, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu, amejishikiza kwenye bega la mtoto. Alitembea mpaka mwisho wa gati. Aliita. Aliita mara tatu. Boti ilikuwa bado karibu. Msichana wa kwenye boti alinyanyua kichwa kama mtu aliyesikia, akakaa hivyo kidogo, kisha akatazama mbele.

Mkono wa Mama Mkubwa uliokuwa kwenye goti la Fundi uliondoka. Haukuondoka kwa ghafla. Uliinuka tu, ukaenda kushika mkoba.

Taa zilipowaka watu walipiga makofi, wengine kwa nguvu, wengine kwa adabu. Mshereheshaji, kijana mwenye tai fupi, alisema sasa ni zamu ya watazamaji kutoa maoni, na fomu zitagawiwa kwa wasiopenda kusema hadharani.

Mzee mmoja mwenye kofia alitangulia. "Mimi dakika kumi za mwanzo nilidhani mashine imeharibika. Nikamwambia mwenzangu, hawa rangi zao zimekwisha."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja akasema mzee yule alisoma kipimo cha mvua mpaka yeye akamaliza bisi zake zote na za mwanawe. Kijana wa chuo akasimama kumtetea mkurugenzi: bahari ile bila rangi ilimwogopesha zaidi, alihisi baridi miguuni, na wanaotaka rangi wakanunue katuni. Wakazomeana kidogo, kwa utani. Kitinda alikuwa amesimama mbele, mikono nyuma, uso unang'aa kama bwana harusi.

Ndipo mwanamke mnene mwenye kilemba alipochukua kipaza sauti.

"Mimi nazungumzia yule binti. Picha nzuri, sawa. Lakini yule binti hana moyo. Mama mzazi anaita, na yeye anatazama mbele kama anakwenda sokoni! Mimi ningekuwa yule baba nisingempokea tena nyumbani kwangu."

Watu walipiga makofi kuliko walivyoipigia filamu yenyewe.

"Jamani, ana miaka kumi na tisa," alisema msichana mmoja aliyevaa sare ya uuguzi. "Mimi nawaona kila siku wanaoshindwa kukaa na mgonjwa. Si wabaya. Wanaogopa."

"Kuogopa kitu kingine. Huyu kadanganya!"

"Kapokea dawa kwa mkono wake!"

"Na mama kamsikia, tumemwona kanyanyua kichwa!"

Maneno yalivuka ukumbi juu ya kichwa cha Fundi. Alitazama shingo ya mtu aliyekaa mbele yake, akahesabu mishono ya kola. Mwanamume mmoja akaomba kuuliza swali la moja kwa moja: yule binti yupo kweli, au ametungwa?

Kitinda alikisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Alitazama juu ya vichwa vya watu, mbali, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Kila msichana wa namna ile yupo mahali fulani," alisema.

Walimpigia makofi. Na mshereheshaji, akitaka mambo yaishe kwa furaha, akasema, "Na mavazi haya mazuri yameshonwa na dada yake mkurugenzi, tunaye hapa! Dada, simama tukuone!"

Fundi alisimama. Angefanya nini? Ukumbi mzima uligeuka, yule mwenye kilemba pamoja nao, wakampigia makofi wakitabasamu. Aliinamisha kichwa kushukuru, akakaa. Alipokaa aligundua kwamba Mama Mkubwa hakuwa amepiga makofi. Alikuwa ameinamia fomu yake juu ya mkoba, anaandika. Alipomaliza aliikunja mara mbili, akaitumbukiza kwenye sanduku la maoni, akasema, "Nipeleke nyumbani."

Kwenye teksi alitazama dirishani njia nzima. Siku zote Fundi alipomfikisha mlangoni aliambiwa aingie anywe chai, apende asipende. Siku hiyo Mama Mkubwa alisema, "Nimechoka, mwanangu," akafunga mlango.

Asubuhi ya Jumapili Kitinda alikuja na sanduku la fomu kwapani na mkate mkononi. Aliingia akiimba.

"Sabini na tatu! Dada, watu sabini na watatu wameandika! Nimezipitia haraka haraka tu. Kumi na mmoja wamesifu nguo. Soma mwenyewe." Akamwaga karatasi kwenye meza ya kukatia, akajikatia mkate, akajimiminia chai.

Fundi hakuwa amelala. Alikuwa amejipangia maneno, na maneno yale yote yalimpotea alipoona jinsi mdogo wake alivyokaa kwa raha. Akavaa miwani, akaanza kusoma, kama anayetafuta ushahidi wa kitu anachokijua tayari.

"Ndefu. Wimbo hata mmoja hakuna."

"Bahari imeigiza vizuri kuliko watu."

"Nguo safi sana, hasa koti la mzee. Fundi apongezwe."

"Msichana apigwe."

"Nimelia. Sijui kwa nini. Mama yangu mzima."

"Mimi niliondoka kwetu nikiwa na miaka ishirini. Sijui kama kuna mtu alitoka nje kuniita. Mmeniharibia wiki."

Hii aliisoma mara mbili, akaiweka kando. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Herufi zilikuwa zimesimama wima, kila moja na nafasi yake, kama zilivyoandikwa ubaoni miaka yote ile.

"Picha ni safi. Mwigizaji wa mama hafanani na mama. Swali: hivi ile dawa ilifika na boti ileile?"

Jina halikuandikwa. Fundi aliisukuma karatasi mezani.

"Hii umeisoma?"

Kitinda aliichukua na mkate ukiwa bado mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Mama Mkubwa."

"Mama Mkubwa."

"Sikufikiri ataunganisha."

"Mwalimu aliyekuwa akijua nani kaigilizia kwa nani kwa kutazama mkato wa herufi, wewe hukufikiri ataunganisha."

"Dada, sikutaja jina la mtu. Hata kisiwa sikukitaja."

"Ulichora gauni langu. Ukaniletea nilishone. Nikalishona kwa mikono hii, Kitinda, nikakutafutia na vifungo, nikizunguka maduka kama mwehu, ili nikalione likinianika mbele za watu. Nilikuambia nikiwa na povu la sabuni mikononi, na wewe una kitambaa cha vyombo. Nilikuambia wewe. Sikuuambia ukumbi."

"Nilijua ungekataa."

"Basi ulijua."

Nje kulikuwa na mtu anafagia, na wote wawili wakausikiliza ufagio.

"Na ile ya gatini," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama kutoka nje. Hilo mimi sikukuambia, maana silijui. Umelitunga?"

Kitinda alitazama chai yake.

"Kitinda. Umelitunga?"

"Hapana."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Uliposhuka tu aliniita," alisema Kitinda. "Akasema nimpe kandambili. Nikapata moja. Nyingine ilikuwa chini ya kitanda, sikuifikia. Akasema inatosha hiyohiyo. Alinishika hapa, nikadhani bega litang'oka. Tulifika mpaka mwisho wa gati. Akakuita. Mara tatu."

"Mimi sikusikia."

"Ulikuwa umbali wa kutoka hapa mpaka kwa muuza mkaa."

"Nilikaa karibu na injini! Nahodha alikuwa ananiuliza kama nitatapika, nikawa namwona mdomo tu unacheza. Sikusikia kitu."

Kitinda alimtazama kwa muda, kama anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Ulinyanyua kichwa," alisema.

"Labda upepo. Labda nilinyanyua. Mtu hanyanyui kichwa?"

"Miaka yote hii nimejua kwamba ulisikia."

"Hukuniuliza."

"Ungesema hukusikia."

"Kwa sababu sikusikia!"

"Ndiyo maana sikuuliza," alisema Kitinda, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Jikoni siku ile nilisubiri useme. Ulisema dawa, ukasema kuogopa, nikasema sasa atafika kwenye gati, sasa atasema alimsikia. Ukaishia hapo, ukanipa sahani nyingine. Nikasema basi. Kama hataki kunieleza mimi, nitaonyesha nilivyoona."

Fundi alikaa kitini. Miaka sita alikuwa amelala usingizi mzuri juu ya msamaha ambao haukuwahi kutolewa. Na mtu ambaye yeye alidhani amemsamehe alikuwa akija kila Jumapili, anakula mkate wake, anamwita Dada, huku moyoni anamtazama msichana wa kwenye boti.

"Alisemaje?" aliuliza. "Aliponiita. Alisema nini?"

"Jina lako tu."

"Hakusema rudi?"

"Jina tu."

Fundi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa chafu.

"Haya. Leo umenisikia mimi. Sikumsikia Mama. Kile kipande ninaponyanyua kichwa, utakitoa?"

Kitinda alikisogeza kikombe chake kando. "Dada, filamu imeshatumwa nje. Wameipokea. Kile kipande ndicho kinachoibeba. Nikikitoa haibaki kitu."

"Haibaki kitu."

"Nitaandika mwanzoni kwamba ni hadithi ya kubuni."

"Ili uongeze na uongo wako juu ya wangu."

Fundi akakusanya fomu, akazilinganisha kingo kama mtu anayepanga vitambaa, akazirudisha kwenye sanduku. Ile ya Mama Mkubwa aliibakiza. Akalifunga sanduku, akamwekea mdogo wake mikononi.

"Mkate wako huo, chukua," alisema. "Nenda."

Siku ya Jumanne alikwenda kwa Mama Mkubwa. Alimkuta sebuleni, redio imezimwa, jambo ambalo halikuwa kawaida. Fundi hakusubiri kukaribishwa kiti. Alimrudishia ile karatasi yake ya maoni.

"Ilifika na boti ileile," alisema. "Niliipokea mimi."

Mama Mkubwa aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama upande usio na maandishi.

"Kila harusi ya ukoo huu," alisema, "kila binti aliyepewa nasaha, mimi nimesimama mbele ya watu nikasema, mwigeni yule, alivuka bahari kumtafutia mama yake dawa. Watu wakatoa machozi. Na wewe umekaa palepale, unatazama meza."

"Ndiyo."

"Umenifanya mwongo bila mimi kujua."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Baba yako alijua?"

"Ndiye aliyeanza kusema. Mimi nilimwacha aseme."

"Na huyu mtoto, Kitinda?"

Fundi akamweleza ya gatini. Alimweleza yote, kandambili moja, bega, jina lililoitwa mara tatu, na injini. Mama Mkubwa alisikiliza bila kumkatiza mpaka mwisho, kisha uso wake, uliokuwa mgumu tangu mlangoni, ukabomoka.

"Alitembea?" alisema. "Mdogo wangu alitembea? Barua ya baba yako ilisema hakuweza hata kugeuka kitandani. Nimekaa miaka yote nikijifariji kwamba alikuwa hajitambui."

Alilia kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake. Alipotaka kumsogelea, Mama Mkubwa aliinua kiganja.

"Nenda, mwanangu. Na Alhamisi usije kunichukua kama kawaida. Kliniki nitapata mwingine wa kunipeleka."

Alhamisi tano zilipita. Fundi alijua kutoka kwa jirani kwamba Mama Mkubwa anapelekwa kliniki na binti wa nyumba ya pili. Ya sita, saa moja asubuhi, simu ililia. "Uje saa mbili. Huyu msichana anaendesha kama ana deni na barabara. Usichelewe." Fundi alifika saa mbili kasoro. Njiani waliongea habari za bei ya nyanya na magoti. Lile jambo halikutajwa. Lakini mwezi uliofuata, kwenye harusi ya binamu, Mama Mkubwa aliposimama kutoa nasaha, alisema maneno machache kuhusu uvumilivu akakaa. Watu waliisubiri hadithi ya dawa, wakatazamana. Fundi aliinamia sahani yake.

Kitinda alipiga simu mara nyingi. Filamu ilikuwa inazunguka nchi za watu, imepewa cheti huku, imesifiwa kule. Fundi alipokea, akamsalimu, akauliza afya, akasema ana mteja. Mara nyingine kweli alikuwa naye. Aliombwa nguo za filamu nyingine akamwelekeza kwa fundi wa barabara ya pili. Kitinda alimtumia ujumbe mmoja mrefu, akaandika kwamba alikuwa na miaka tisa, kwamba naye aliachwa siku ile. Fundi aliusoma akiwa amesimama. Lilikuwa kweli, na hakuwahi kuliwaza hata mara moja katika miaka thelathini na minne. Alitaka kujibu, akaandika "Najua," akafuta, kwa sababu hakuwa anajua. Akaandika "Pole." Akaituma hiyo. Zaidi ya hapo hakuweza. Kila alipotaka kumsogelea, alijiona amesimama ukumbini, watu wanampigia makofi, na mdogo wake yupo mbele na kipaza sauti, anatazama juu ya kichwa chake.

Mwaka ulipokaribia kwisha filamu ilirudi kwenye ukumbi wa maktaba, safari hii kwa wiki nzima, na mtaa ukaijadili. Ijumaa moja alikuja karani wa benki kujaribu sketi yake. Fundi alipiga magoti, pini mdomoni, akaanza kuzungusha pindo.

"Nimeiona ile ya mdogo wako," alisema karani. "Jamani! Mume wangu alisinzia, lakini mimi sikupepesa. Ile ya kandambili moja, hapo nilikufa. Ila yule binti nimemchukia. Wewe unamwonaje? Mimi ningebaki. Wallahi ningebaki, chuo kingeenda zake."

Fundi alichomeka pini ya mwisho. Angeweza kunyamaza. Pini zilikuwa sababu tosha, na ndivyo alivyofanya kwa wateja watatu waliotangulia. Alitoa zilizobaki mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini alichokivaa mkononi.

"Mimi sikubaki," alisema.

Karani alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akainamisha uso akamwona.

"Ni mimi," alisema Fundi. "Kwenye boti. Lakini sikusikia akiniita. Hilo yeye aliliweka kwa sababu ndivyo alivyoamini. Geuka kidogo, upande wa dirisha."

Karani aligeuka. Hakujua aweke wapi mikono yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuvunja kitu, "Na ungesikia?"

Fundi alinyoosha pindo kwa kiganja, akalitazama kama limekaa sawa pande zote.

"Sijui," alisema. "Siku hizi ndilo ninalojiuliza. Unataka liguse goti, au lipite kidogo?"

"Lipite," alisema karani.

Fundi akachukua chaki, akaweka alama.